Ushauri: Nimepewa bei ya Lincoln Continental kupe ya 1941. Nichukue au nikimbie?

Kipanga wa Ohio
Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Niko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja sasa, naendesha lori la masafa marefu. Nina jirani, mama mtu mzima, mumewe alifariki mwaka jana na sasa wanasafisha gereji. Humo ndani kuna Lincoln Continental ya 1941, milango miwili, buluu iliyokolea, tairi ya akiba imesimama wima nje, nyuma ya buti. Nimekaa ndani yake. Mlango hauna kitasa cha kuvuta, unabonyeza kitufe tu unafunguka. Wakuu, nilichanganyikiwa.

Anayeuza ni mtoto wa marehemu. Anataka dola 24,000, na tangazo lake linasema injini ni ile ile ya V12 (silinda kumi na mbili), imefanyiwa oveholi na haijatembea sana tangu hapo. Mimi najua malori, gari za zamani sijui chochote. Mke wangu kasema nikilileta, nihamie nalo gereji.

Mchokozi Namba Moja
Kupe ni kupe mkuu. Akishakung'ata hang'oki mpaka ashibe damu. Msikilize shemeji.

Fundi wa Gerezani
Umefungua boneti?

Kipanga wa Ohio
Hapana fundi. Jamaa alisema betri imekufa, kwa hiyo hata kuwasha hatukuwasha. Nilikuwa nawaza kesho nipeleke lori nilibusti.

Fundi wa Gerezani
Usithubutu! Hiyo ni volti 6, na bodi imeungwa kwenye chanya ya betri, siyo hasi kama ulivyozoea. Ukiichomekea umeme wa lori utaunguza taa na geji, halafu utadaiwa gari ambalo hujalinunua. Rudi na tochi, fungua boneti, hesabu plagi, kila silinda ina yake moja.

Mzee wa Michigan
Mdogo wangu Kipanga, fundi amekuuliza swali la msingi, ngoja nikueleze kwa nini. Niliwahi kuwa na Lincoln-Zephyr, modeli ya Lincoln iliyoitangulia Continental, kwa miaka sita, na damu ya hiyo Continental ni Zephyr tupu.

Edsel Ford, mtoto pekee wa Henry Ford ambaye kampuni yake ndiyo iliyomiliki Lincoln, alimwagiza mbunifu wake Bob Gregorie amtengenezee gari la binafsi la kwenda nalo mapumzikoni Florida mwaka 1939. Matajiri wenzake wakaliona, wakalitaka, basi likaingia kiwandani. Kupe za 1941 zilitoka 850 tu, na mwanzoni mwa 1942 Vita Kuu ya Pili vikafunga mlango. Kwa sura hakuna anayebisha. Makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York yaliweka moja kwenye maonyesho ya mwaka 1951, na msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikuwa na yake ya 1940.

Tatizo liko chini ya boneti. V12 hiyo ni lita 4.8, nguvu za farasi 120, inazunguka taratibu kama cherehani ikiwa nzima. Lakini moshi wake unapita ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, kabla ya kutoka, kwa hiyo maji yanabebeshwa joto lisilo lao. Na kutoa mvuke unaojaa ndani ya injini yenyewe ni kubovu, ukiliendesha mjini polepole oili inageuka tope. Vita vilipoisha watu wengi walichoka, wakaing'oa na kuweka V8 ya Ford au Mercury, wengine hata ya Cadillac. Ndiyo maana tunakwambia uhesabu.

Kipanga wa Ohio
Nimetoka huko sasa hivi. Nne kushoto, nne kulia. Nimehesabu mara tatu.

Nilipomwonyesha jamaa alishangaa kweli, nadhani hakuwa akijua. Mama mwenyewe ndiye aliyetucheka. Akatupeleka pembeni ya gereji, akafunua turubai: bloku la V12, vichwa vimefunguliwa, panya wamejaza pamba kwenye silinda tatu. Anasema mumewe alilitoa "kwa muda" mwaka 1974.

Mchokozi Namba Moja
Kwa muda 😂😂 Mama huyo nampa heshima zake.

Dada Mahesabu
Kaka, hapa hujapoteza, umepata silaha. Tangazo linasema V12, ndani kuna V8. Yule aliyepanga 24,000 alipanga kwa gari lingine. Mimi ningeanzia 14,000, pamoja na bloku na kila kopo la boliti lililo chini ya turubai. Na uangalie hati ya gari. Miaka ile majimbo mengi yaliandika namba ya injini kwenye hati, sasa injini ikibadilishwa unaweza kukuta namba ya kwenye karatasi haipo popote garini. Usilipe hata senti kabla hujailinganisha.

Fundi wa Gerezani
Bei sawa, ila kutu ndiyo itakayoamua. Hilo gari halina chasisi ya kujitegemea kama lori lako, bodi na chasisi vimechomelewa pamoja. Vizingiti vya chini ya milango vikioza, gari zima linalegea. Beba sumaku. Pasipong'ata ujue ni putty, ile lipu ya kuzibia kutu.

Mzee wa Michigan
Fundi, hapo nakusahihisha kidogo. Continental za mwanzo zilimaliziwa kwa mikono, maungio yakajazwa madini ya risasi kutoka kiwandani. Sumaku haing'ati risasi pia. Isiposhika kwenye maungio ya juu, usikimbie. Isiposhika chini kwenye vizingiti, hapo kimbia. Kipanga, lala chini, piga kwa kifundo cha kidole, sikiliza.

Fundi wa Gerezani
Hilo sikulijua mzee. Ahsante.

Wa Ngong Road
Niaje Kipanga. Kama unawaza kulileta Kenya kama gari la kawaida, sahau. Gari lililotumika likizidi miaka minane haliingii, na hilo usukani uko kushoto.

Kipanga wa Ohio
Silileti nyumbani, ndugu. Nataka la kwenda nalo kanisani Jumapili.

Vizingiti nimevigonga vyote, vinalia chuma. Pengo ni moja, sakafu ya abiria, kama kiganja. Hati ina namba, na namba hiyo hiyo ipo kwenye chasisi. Nilisema 14,000, jamaa akasema 19,000, mama akasema 16,500 na mazungumzo yakaishia hapo. Mzee, V8 niiache?

Mzee wa Michigan
Iache, endesha. V12 ifunge vizuri ikae, usiitupe. Siku ukiuza, mnunuzi ataiuliza kwanza. Na kabla ya kulipa fika Hickory Corners huku kwetu, kuna makumbusho ya Lincoln. Ukiiona iliyo nzima utajua yako inapungukiwa nini.

Kipanga wa Ohio
Jumamosi nitakuwa huko. Swali la mwisho: bloku hilo litapanda kwenye pikapu ndogo au nitafute winchi?

Fundi wa Gerezani
Winchi. Na upime gereji yako leo usiku, gari hilo linazidi mita tano.

Kipanga wa Ohio
Nimepima. Friza la mke wangu inabidi litoke.