Wakuu, naomba ushauri: kituo kisicho cha faida cha kupanda matumbawe na kuzalisha samaki wa bahari, Kigombe Tanga

Chelezo
Habari zenu wakuu. Tuko watu 7, tunataka kufungua kituo upande wa Kigombe. Kazi ya kwanza ni kurudisha matumbawe kwenye miamba iliyovunjwa na baruti. Ya pili ni kuzalisha samaki klauni, wale wadogo wa urembo, ili mauzo yake yasaidie kulipa mishahara. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, na ukingo wake wa mbele uko mita 40 kutoka alama ya maji makuu ya bamvua. Umeme upo ila unakatika. Tuanze na lipi, vifaa vya chini kabisa ni vipi, na karatasi zinaanzia wapi?

Karani wa Mkoa
Anza na ramani kabla ya katiba. Kigombe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyotangazwa 2009. Kwa hiyo kitu chochote kitakachogusa sakafu ya bahari, hata meza moja ya nondo ya kuoteshea matumbawe, kinahitaji ridhaa ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Nenda kwao ukiwa na barua ya serikali ya kijiji na ya BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi na ufukwe. Ukienda mikono mitupu utarudishwa kijijini.

Hizo mita 40 ni tatizo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Weka majengo na matangi nyuma ya mita 60, kiwanja chenu kinatosha kama zile mita 30 ndizo zinazoelekea bara. Mbele libaki bomba tu, na bomba lenyewe liandikwe kwenye maombi yenu NEMC, baraza la mazingira la taifa.

Shirika mnasajili kwa Msajili wa NGO chini ya sheria ya 2002. Chagueni ngazi mnayoimudu. Kusajili ngazi ya taifa huku kazi yote iko wilaya moja ni kujitafutia ripoti zisizo na maana. Halafu wengi wanadhani cheti cha NGO ni msamaha wa kodi. Siyo. Hadhi ya taasisi ya hisani inaombwa TRA peke yake, na mauzo ya samaki ni biashara hata kama faida inaenda kwenye matumbawe. Tenganisheni vitabu tangu siku ya kwanza.

Pweza wa Mwamba
Kwa upande wa matumbawe, msikate kipande cha kupandia kabla hamjajua kwa nini mwamba haujapona wenyewe. Palipopigwa baruti pamebaki kokoto zinazobingirika. Mbegu za matumbawe zinatua, zinaota kidogo, kisha kusi inageuza kokoto na zote zinasagika. Ukipanda kipande juu ya kokoto hizo umepoteza saruji. Ama upande kwenye jiwe gumu lililobaki, ama utulize kokoto kwanza.

Njia iliyofanya kazi Sulawesi, Indonesia, ni fremu za nondo zenye pembe sita, zimepakwa gundi na mchanga, kila moja inabeba vipande 15, zinafungwa zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakuwa wavu juu ya kokoto. Fundi wa mageti anaweza kuzichomelea. Msiache nondo tupu. Kutu inabanduka na kipande kinaondoka nayo.

Kitalu: meza mbili za mita 1 kwa 2, kina cha mita 4 hadi 6 kipimwe maji yakiwa yamekupwa ya bamvua. Tofauti ya kujaa na kupwa huku inafika mita 3 na zaidi, kwa hiyo ukipima maji yakiwa yamejaa utajikuta umeanika matumbawe juani. Chukueni kwanza vipande vilivyokwisha kuvunjika vikiwa bado hai. Mkilazimika kukata, msizidi asilimia 10 ya tumbawe mama, na mama wasipungue 20, waliotawanyika. Ukizalisha kutoka kwa mama watatu, joto moja kali linafagia shamba zima.

Kipande cha sentimita 5 hadi 8 kinatosha. Miezi 6 hadi 12 kitaluni, ndipo kihamie mwambani. Kazi kubwa ni usafi. Kila wiki mbili mswaki kwenye fremu, maana mwani ukitangulia, tumbawe linafunikwa. Kagueni konokono wadogo wanaojificha kwenye maungio ya matawi na wanaacha kovu jeupe. Wale viti vya pweza wenye miiba mingi, wanaokula matumbawe, wanachomwa sindano ya siki nyeupe, mililita 20 kila mmoja. Msiwakatekate, kipande kinaweza kuota tena.

Zamieni siku za maji mafu, mkondo ni mdogo na maji ni maangavu. Kupandia mwambani ni matlai, kusi ikilegea, Septemba na Oktoba, ili vipande viwe vimeshika kabla ya joto la Machi. Joto likizidi wastani wa mwezi wenye joto zaidi kwa digrii 1 na likakaa wiki kadhaa, matumbawe yanaanza kupauka na kuwa meupe. Vipima joto vinavyojirekodi viwili, kimoja kitaluni na kimoja mwambani, nunueni kabla ya kamera.

Pipa la Kijani
Kwenye samaki kosa la kawaida ni kununua samaki kwanza. Anza na chakula. Kifaranga wa klauni akianguliwa ana milimita 3 hadi 4 na hali unga wa dukani. Anataka rotifa, wadudu wa kwenye maji wasioonekana vizuri kwa macho, 10 kwa kila mililita, mfululizo kwa wiki ya kwanza. Beseni la lita 100 ni rotifa milioni 1 muda wote. Pipa la lita 60 lenye rotifa 200 kwa mililita lina milioni 12. Ukivuna robo kwa siku unapata milioni 3, unabaki na akiba. Wekeni mapipa mawili yasiyochangia ndoo wala chujio, kwa sababu moja litakufa. Linakufa kwa kulishwa kupita kiasi, amonia ikipanda, au vijidudu vingine vikiingia na chujio chafu. Chumvi ya mapipa hayo iwe 20 hadi 25 kwa elfu, chujio la mikroni 50.

Maji ya kuoteshea mwani wa kuwalisha yatibiwe. Kwa lita 1,000 tia mililita 285 za jiki ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, unapata klorini miligramu 10 kwa lita. Acha usiku kucha hewa ikipita, kisha ua mabaki kwa gramu 70 za sodiamu thiosalfeti na upime kwa kipimo cha bwawa la kuogelea. Usikadirie kwa pua.

Rotifa wakidumu miezi miwili bila kufa, ndipo utafute wazazi, tena kwa kibali cha uvuvi. Klauni aina ya Amphiprion akallopisos wapo hapo hapo. Chukua wawili wadogo, mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Mkubwa atageuka jike. Wape chungu cha udongo kilicholazwa. Mayai yanaanguliwa siku ya 7 hadi 9 kwa digrii 27, saa moja au mbili baada ya giza. Macho ya mayai yakianza kung'aa kama fedha, hamisha chungu jioni hiyo kwenye beseni la duara lenye kuta nyeusi, hewa ipite juu ya mayai bila kuyapiga.

Vifo vinakuja mara mbili. Siku ya 2 au 3 ni njaa. Siku ya 8 hadi 12, wakianza kuvaa rangi, ni lishe duni: artemia, kamba wadogo sana wa kulishia, aliyeanguliwa ana mafuta machache muhimu, kwa hiyo mrutubishe kabla ya kumlisha.

Pweza wa Mwamba
Naongezea: msiwaachie baharini hao klauni na kuita ni uhifadhi. Bila anemoni, yule kiumbe wa mwambani mwenye mikono inayochoma, ya kujificha wanaliwa siku hiyo hiyo, na mnaweza kupeleka magonjwa ya matangini. Na wanakijiji watauliza mwatiko na jongoo bahari, siyo samaki wa urembo. Jibu muwe nalo.

Chelezo
Asanteni sana wakuu. Je, maji ya mvua za masika? Na umeme ukikatika usiku?

Pipa la Kijani
Masika maji ya pwani yanakuwa ya tope na chumvi inashuka. Chimbeni kisima cha mchanga chini ya alama ya kujaa, mchanga uwe chujio, na muwe na simtanki mbili za lita 5,000 zilizojaa kabla ya Machi. Pampu iwe ya plastiki, shaba inaua matumbawe na rotifa.

Umeme: tenganisheni hewa na vingine vyote. Blowa ya wati 60 kwa betri ya asidi ya 100Ah, ukitumia nusu ya chaji tu, ni kama saa 8. Taa na pampu zisubiri jenereta. Blowa ikae juu ya usawa wa maji ya matangi, la sivyo ikizimika maji yanarudi kwenye bomba na kuiua.

Karani wa Mkoa
Mwaka wa kwanza matumbawe, na rotifa kwenye mapipa mawili. Samaki waandikeni mwaka wa pili. Mfadhili akiona mauzo kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza atauliza wako wapi.