Vipimo safi, mwili unauma: wenye fibromialjia Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

MwalimuJangombe

Assalaam aleykum wenzangu. Nimeufungua uzi huu kwa sababu miaka sita nimeumwa nikidhani niko peke yangu kisiwa kizima.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nina miaka 43. Ilianza mabegani. Nikiandika ubaoni, mstari wa tatu tu mkono umeshakuwa mzito kama nimebeba ndoo ya maji. Ikashuka mgongoni, nyonga, mapaja, mpaka nyayo. Si maumivu ya kuchomwa pahala pamoja. Ni mwili mzima kama uliotwangwa kinuni. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mtoto akinirukia kunikumbatia, nauma meno asinione uso.

Nimepimwa damu, sukari, baridi yabisi, tezi ya shingo, nimepigwa picha ya mgongo mara mbili. Majibu yote safi. Kila nikipewa majibu safi nalia, na watu hawafahamu vipi mtu alie kwa kuambiwa mzima. Kituo kimoja daktari alifunga faili akaniambia, "Mama, una mawazo, nenda kapumzike." Siku hiyo nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka watu wa kwenye daladala wanione.

Aliyenipa jina la ugonjwa ni daktari mmoja Dar, mwaka wa sita huo. Hakuanza na mgongo. Aliniuliza, "Unalala vipi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniuliza kama nasahau maneno katikati ya sentensi, kama tumbo linanisumbua, kama kelele za darasani zinanichosha kuliko zamani. Yote yalikuwa yangu. Akachora mtu kwenye karatasi, akanambia nitie alama kila panapouma na pameuma zaidi ya miezi mitatu. Mtu wa watu alijaa alama mwili mzima. Ndipo akasema: fibromialjia.

Naomba kila mmoja atupe lake. Ulijuaje, nyumbani uliwaambia nini, na siku mbaya unaipitisha vipi. Dozi za dawa tusipangiane humu.

MwaniJambiani

Waaleykum salaam mwalimu wetu. Mimi nalima mwani. Kwa wasioijua kazi yetu, inakwenda na bamvua. Maji yakitoka sana ndiyo tunashuka pwani, tunafunga mbegu kwenye kamba, tunavuna, umeinama masaa manne mpaka matano, miguu majini. Yakija maji mafu tunakaa juu, tunaanika na kufunga magunia.

Mwanzo nilidhani ni kazi tu, maana sote tunaumwa mgongo. Lakini wenzangu yakija maji mafu wanapona. Mimi yanaingia yanatoka, mwili ule ule. Hapo nikajua langu ni jengine.

Nataka niseme kosa langu, pengine litamfaa mtu. Kosa langu lilikuwa siku ninayoamka mwepesi. Nikiamka mwepesi nasema leo nalipa madeni yote: nashuka pwani, nikirudi nafua, nakuna nazi tatu, nachota maji, usiku nasuka ukili. Kesho yake, kesho kutwa na mtondo niko kitandani, hata kifuniko cha chupa sikifungui. Miaka imepita hivyo. Nyumbani nao wanachanganyikiwa, juzi wamekuona unabeba gunia, leo unaombwa chai unasema huwezi. Mtu ataona unajitakia.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo mjini ndiye aliyenifumbua macho. Aliniambia niandike kila siku nilichofanya na nilivyoamka siku ya pili. Kuandika sikuwezi sana, nikawa nachora vijiti kwenye daftari la mtoto. Bamvua mbili zilipopita nikaona mwenyewe bila ya kuambiwa: siku niliyofunga kamba ishirini, siku tatu nilikuwa chini. Siku niliyofunga nane, nikawa nakaa kitako kila nikimaliza mbili, niliamka nikashuka tena. Basi sasa ni nane. Nikiumwa ni nane kwa taratibu, nikijihisi mzima ni nane hizo hizo. Na ile siku ya kujihisi mzima ndiyo ninayoichunga zaidi, maana ndiyo inayonidanganya.

Kamba chache ni pesa chache, sitawaficha. Tumegawana na binti yangu, yeye yuko majini, mimi nasimamia kuanika.

KondePemba

Mimi mwanamme, miaka 38, na nimeusoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Huku kwetu nikisema nnaumwa mwili mzima naambiwa hayo ni maradhi ya kike.

Nilikuwa mchumaji wa karafuu. Mwaka mmoja msimu unaanza, tawi likakatika, nikaanguka, nikavunjika mtulinga. Mfupa uliunga vizuri, picha ilionesha. Lakini maumivu hayakubaki begani. Yakatembea. Mwaka ulipotimia sikuwa na pahala pasipouma, na nikilala upande wowote nashtuka usiku mara tano, mara sita.

Nyumbani walisema nimehusudiwa. Nimesomewa, nimekunywa kombe, nimepigwa chuku mgongo mzima. Kusomewa kulinituliza moyo na siachi, dua haina mbadala. Ninachosikitikia ni mganga aliyenitoza pesa ya mbuzi wawili akinambia niache na dawa za hospitali. Na kikubwa zaidi ni sindano. Kila wiki nilikuwa nakwenda duka la dawa nachomwa diklofenaki, nikitulia siku mbili, inarudi. Karibu mwaka mzima. Mwisho nikawa napata choo cheusi kama lami, nikalazwa, vidonda vya tumbo vimetoa damu. Nduguzangu, choo kikiwa cheusi msingoje kuche.

Sasa nnatumia amitriptilini usiku, kidogo sana, daktari alinianzishia kidonge kidogo kabisa. Kinywa kinakauka, na wiki ya mwanzo nilikuwa naamka kichwa kizito. Lakini nnalala. Maumivu hayajaondoka, yamepungua makali, na usingizi ndio ulionirudishia akili yangu.

Msimu sipandi tena. Nnakaa mkekani nnachambua karafuu na makonyo pamoja na mama zangu na watoto. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakaa huku nimeinamisha uso. Anayejua Pemba msimu wa karafuu anajua uzito wa neno hilo kwa mwanamme. Siku moja mama mzee mmoja akanambia, "Mwanangu, mkono unaochambua nao unalisha watu." Basi.

TabibuMstaafu

Nimefanya kazi ya utabibu miaka 31, vituo vya Unguja na Pemba, na nakiri wako wagonjwa niliowaandikia dawa ya maumivu nikawaruhusu waende, leo nawatambua katika maneno yenu. Niwaeleze ninavyoifahamu.

Chukulieni nyumba yenye mlinzi. Nyumba nyingi mlinzi analala, mwizi akija ndiyo anapiga kelele. Katika fibromialjia mlinzi ameshtuka, na hawezi tena kutulia. Paka akipita anapiga kelele. Upepo wa kusi ukisukuma mlango anapiga kelele. Kelele ni za kweli, mwenye nyumba anazisikia kweli, usingizi haupati kweli. Lakini ukenda kumtafuta mwizi humuoni. Mlinzi huyo ni ubongo na uti wa mgongo, vinazipokea taarifa za maumivu na kuzikuza. Ndiyo maana picha na damu huwa safi: tunapiga picha mlango, tatizo liko kwa mlinzi. Ndiyo maana pia sindano aliyokuwa akichomwa ndugu yetu wa Konde haikumponya. Diklofenaki inatuliza uvimbe, na hapa hapana uvimbe.

Wakubwa wa fani nao walichukua muda. Mwaka 1904 daktari Mwingereza William Gowers aliyaita maumivu ya namna hii kwa jina lenye maana ya uvimbe wa nyuzi za mwili. Uvimbe ulitafutwa haukuonekana, na miaka ya 1970 ndipo lilipoanza kutumika jina la fibromialjia, yaani maumivu ya nyuzi na misuli. Mwaka 1990 madaktari wa viungo wa Marekani waliweka kanuni ya kubonyeza sehemu 18 za mwili. Maumivu yakiwa yameenea mwilini na zikiuma 11, unao. Kuanzia 2010 wakatoa kanuni mpya isiyotegemea kubonyeza: wanaangalia maumivu yameenea wapi, usingizi, uchovu na kumbukumbu. Kwa hivyo mtu akikubonyeza akasema hazikutimia 11, mambo hayakuishia hapo.

Sasa sikilizeni hili kwa makini. Jina hili lisiwe kapu la kutilia kila maumivu. Kabla ya kulipokea hakikisheni mmeangaliwa haya: tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini D (hata kwetu penye jua, anayekaa ndani au anayejifunika mwili mzima anaweza kuupata), upungufu wa damu, seli mundu, baridi yabisi ya kweli, na dawa za kushusha mafuta kwenye damu, maana baadhi yake zinauma misuli. Na ulizeni kama mliwahi kupata chikungunya. Ugonjwa huo ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, jina lake ni la Kimakonde, la mtu aliyekunjika kwa maumivu, na unaweza kuacha viungo vinauma miezi mingi baada ya homa kuondoka.

Na ukiona kiungo kimevimba na kina moto, homa isiyoisha, unakonda bila ya sababu, mkono au mguu mmoja umelegea, au umeshindwa kuzuia haja, usiseme ni ile fibromialjia yangu. Nenda siku hiyo hiyo.

Mgeni24

Samahanini wakubwa zangu, shikamooni. Mimi nina miaka 24, nimeambiwa ninayo mwezi uliopita. Mama anasema nitapooza, na shangazi anasema nisiolewe kwanza. Naogopa sana. Kuna aliyepooza?

MwalimuJangombe

Marahaba mwanangu. Hupoozi. Hautafuni mifupa, haulemazi viungo, hauambukizi. Unachosha na unauma, na huo ndio ukweli wake, lakini hata daktari wangu alinambia mapema kabisa kwamba misuli yangu haiharibiki ninapotembea. Nilipolijua hilo ndipo nilipoacha kuuogopa mwili wangu. Mimi nimeolewa na nina watoto watatu, wa mwisho nimemzaa tayari naumwa. Ila ukipata mchumba mwambie, na ukitaka mtoto muone daktari kwanza kuhusu dawa unazotumia. Mwambie mama aje asome hapa.

MumeMfenesini

Mke wangu anayo. Mimi nilikuwa nikimuuliza kila jioni, "Leo umefanya nini?" Sikukusudia ubaya, lakini yeye alikuwa anahisi anahesabiwa kazi. Sasa namuuliza, "Leo ni siku gani?" Ana majibu yake: bamvua, au maji mafu. Akisema maji mafu mimi ndiye ninayekuna nazi.

BibiMkunazini

Wanangu, mimi nina miaka 67. Wakati wetu tuliyaita jongo, tukasuguliwa mafuta, yakesha. Nataka kusema juu ya swala, maana wengi wanaona haya. Mimi nasali juu ya kiti. Mwaka mzima nilijilazimisha kusujudu chini, nikiinuka naona nyota, na khushui sina, nawaza magoti tu. Nilimuuliza sheikh wetu, akanambia dini haikukalifisha usichokiweza, akanisomea na aya. Kiti changu sasa kipo pembeni mwa msala na hakuna anayekigusa.

Ramadhani dawa yangu ni ya usiku, hainipi tabu. Mwenye dawa za mchana aulize daktari wake Shaabani, asingoje mwezi kuandama.

Na bahari. Magharibi haijafika, maji yamejaa, yana uvuguvugu, naingia na mjukuu wangu mpaka kifuani, natembea tu. Kuogelea sijui. Majini mwili ni mwepesi, nikitoka nalala. Miezi ya kipupwe siingii, baridi inanirejesha nyuma, natembea dakika kumi hapa mitaani.

TabibuMstaafu

Bibi umesema jambo lenye uzito wa hospitali. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya walipitia tiba za fibromialjia, na iliyopata pendekezo la nguvu kuliko zote ni mazoezi. Dawa zilipata pendekezo hafifu. Lakini mazoezi yenyewe ni hayo ya Bibi na ya kamba nane: unaanza chini ya uwezo wako, unaongeza kidogo kidogo. Kijana akisikia "fanya mazoezi" akaenda uwanja wa Maisara akakimbia raundi tano siku ya kwanza, atalala wiki.

KondePemba

Mwalimu, nina suali. Wewe ubaoni unafanyaje? Mtoto wangu wa kike anataka kusomea ualimu, na yeye mabega yameanza.

MwalimuJangombe

Kwanza mpeleke apimwe kama alivyosema Tabibu, usimpe jina langu kabla hajaangaliwa.

Ubaoni: nilimwendea mwalimu mkuu nikamueleza kila kitu, na karatasi ya daktari mkononi. Nimepewa kiti kirefu. Vipindi vyangu vizito ni saa tatu na saa nne, mwili ukishaamka. Na ubaoni siandiki tena mimi. Darasa langu la tatu kila siku anaandika mtoto mmoja, mimi nasema yeye anaandika, wengine wanamsahihisha. Mwanzo nilifanya kwa ajili ya mkono wangu. Sasa yuko mmoja alikuwa hafungui mdomo tangu aanze skuli. Jumatatu alikuja mapema kabla ya wenzake, akasimama mlangoni, akaniuliza kama leo chaki ni yake.