Majina kwenye video ya harusi iliyokwisha kurendiwa: kuna njia isiyokula usiku mzima?

Chumba_cha_Giza:
Wakuu, habari za jioni. Nina video ya harusi nimeshaimaliza, mteja ameitazama na ameipenda. Sasa familia inataka majina ya waliotoa nasaha yatokee chini kila mtu anapoanza kuongea. Kurenda (kutoa video ya mwisho) kulichukua masaa 9 na kazi inatakiwa Jumamosi. Nasikia maandishi yanaweza kupachikwa kwenye faili bila kurenda upya. Niende na MKVToolNix (ya kufunga video na maandishi pamoja), ffmpeg (ya kugeuza na kuunga video kwa amri), au nirudi Premiere, programu ya kuhariri? Naombeni uzoefu.

Nyuzi_Mbili:
Mkuu, hapo hujatupa pa kuanzia. Video ina urefu gani? Imebanwa kwa H.264 au nini? Mashine yako ikoje? Na kubwa kuliko yote: itatazamwa wapi? Simu, YouTube na TV ya ukutani, kila kimoja kina jibu lake.

MamaKamera_Tanga:
MKVToolNix, mimi sina cha kufikiria hapo. Andika majina kwa Aegisub, programu ya maandishi ya video, hifadhi kama ASS (faili la maandishi yenye mapambo), yafunge pamoja na video kwenye MKV, aina ya faili kama MP4. Picha haiguswi hata fremu moja, kasi yake ni ya diski tu. Fonti, rangi, mahali jina linapokaa, hata kufifia taratibu, vyote unaviweka. Fonti yenyewe unaiambatisha humo humo ndani.

Nyuzi_Mbili:
Dada, hiyo ni sabtaito, haijachorwa kwenye picha. Kinachoichora ni kicheza video wakati wa kutazama. VLC inaichora kama ulivyoipanga. TV nyingi zinatoa maandishi meupe tu katikati chini, mapambo yote yamepotea. Ukituma WhatsApp hakuna jina. Na akitaka kubaki na MP4, ASS haiingii humo, inabidi aigeuze kuwa sabtaito nyepesi ya MP4 yenyewe.

Chumba_cha_Giza:
Samahani wakuu. Saa 2 na dakika 40, H.264, 1080p, fremu 25 kwa sekunde, MP4 ya GB 12. Laptopu ni Intel i5 ya kizazi cha tatu, RAM 8. Mteja anaitazama kwenye TV sebuleni kwa flashi, na bibi harusi anataka vipande vya WhatsApp. Majina ni 38, kila moja sekunde 6. Projekti ipo ila kadi za kamera nilishazifomati, nimebaki na faili lililotoka tu.

MamaKamera_Tanga:
Kadi umefomati kabla mteja hajamaliza kukagua? Ndugu yangu, usirudie tena.

Mkongwe_wa_VHS:
Majina 38 kwa sekunde 6 hayafiki hata dakika nne. Najua kuna atakayekwambia ukate sehemu hizo tu, uziandike, urudishe. Nikueleze yaliyonikuta kabla hujaingia mkenge.

Mwaka juzi nilirekodi maulidi ya saa tatu, wenyewe wakataka majina ya masheikh. Nikakata kwa LosslessCut penye fremu kuu (fremu kamili isiyotegemea nyingine), kila kipande chenye jina nikakienkodi, yaani nikakibana upya, peke yake, kisha nikaviunga vyote kwa ffmpeg bila kuenkodi. Nusu saa kazi imekwisha. Kwenye simu safi, kwenye laptopu safi. Nikapeleka. Watu wazima wamekaa mkekani, wameitana na majirani. Ilipofika jina la kwanza, TV ikawa kijani, picha ikasimama, sauti inaendelea. Ikarudi. Jina la pili vile vile. Na kadiri ilivyokwenda, picha na sauti zikaachana, hadi kwenye dua ya mwisho watu wanashusha mikono usoni ndipo "amin" inasikika. Niliumia sana, maana ile dua ndiyo waliyoisubiri.

Nilikuja kujua baadaye. Vipande vyangu vilikuwa na profaili (namna ya kubanwa) tofauti na video mama. Simu inavumilia, TV haivumilii. Halafu AAC, ubanaji wa sauti, huongeza ukimya kidogo mwanzoni mwa kila kipande: sampuli 1024, milisekunde kama 21 kwa sauti ya 48 kHz. Vipande 40 ni karibu sekunde nzima. Siku hizi sauti siikati kabisa. Nashona picha peke yake, mwisho naivika sauti nzima ya faili la kwanza.

Pwani_Edits:
Pole sana mzee. Ongeza na hili: x264, programu inayobana H.264, ikiachwa na mipangilio yake inaweza kukaa hadi fremu 250 kabla ya fremu kuu nyingine, yaani sekunde 10 hapo. Jina la sekunde 6 likiangukia vibaya unaenkodi sekunde 20. Zidisha kwa 38, na mishono 76 ya kukagua mmoja mmoja. Mimi huku Mombasa niliachana nayo.

Nyuzi_Mbili:
Chumba, yale masaa 9 yalikuwa ya nini hasa? Uliweka kitu cha kusafisha chenga za picha?

Chumba_cha_Giza:
Ndiyo mkuu, ukumbi ulikuwa na giza. Kusafisha chenga, rangi, na kutuliza mtikisiko.

Nyuzi_Mbili:
Basi ndiyo maana! Vyote hivyo vimeshaingia kwenye faili. Ukienkodi hilo faili pamoja na majina tu, mashine haisafishi tena chochote. Inafungua fremu, inaandika, inafunga. Chukua ile ASS ya dada, ichome kwenye picha kwa ffmpeg, x264 ya "veryfast" (mpangilio wa haraka), bitireti (data kwa sekunde) ipandishe juu kidogo ya ile ya kwanza ili picha isichakae, sauti nakili ilivyo. Jaribu dakika 10 kwanza.

Pwani_Edits:
Kwa nini usimpe HandBrake, programu ya kuenkodi, na Quick Sync, inayoenkodi haraka kwa chipu ya Intel?

Nyuzi_Mbili:
HandBrake za sasa zinataka Intel kuanzia kizazi cha sita. Yeye ana cha tatu.

MamaKamera_Tanga:
Bado nasema ASS pembeni ni bora. Wakikosea jina la shangazi, mimi nafungua faili la maandishi, narekebisha herufi mbili, nafunga. Ninyi mnaenkodi upya yote. Na majina ya watu hukosewa, mnajua wenyewe.

Mkongwe_wa_VHS:
Hapo kwenye majina una haki. Mwombe mteja orodha kwa maandishi, cheo na jina, kisha marekebisho baada ya hapo yawe na malipo. Mimi natoza.

Pwani_Edits:
Kutoza kwa jina lililokosewa mimi siafiki. Kosa likiwa langu nalibeba.

Mkongwe_wa_VHS:
Likiwa lako. Likiwa la kwenye orodha yao je?

Chumba_cha_Giza:
Nimejaribu. Dakika 10 zimechukua dakika 6. Kwa yote ni kama saa moja na dakika 36, umeme ukikaa. Herufi za njano zimekaa vizuri juu ya kanga za akina mama, nimezizungushia ukingo mweusi. Lakini limezuka jingine: flashi ya mteja imefomatiwa FAT32, haipokei faili zaidi ya GB 4, na anasema TV yake haisomi exFAT, fomati isiyo na kikomo hicho. Nigawe vipande vinne au nipunguze bitireti?

Pwani_Edits:
Umejaribu kuifomati NTFS? TV ni ya mwaka gani?