Kupiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja) kwenye gitaa la besi bila mngurumo

Muulizaji, Masasi
Shikamooni wakubwa. Ninaipigia besi kwaya yetu hapa Masasi, na tangu mpiga kinanda wetu ahame mara tu msimu wa korosho ulipokwisha, nimelazimika kuwasindikiza waimbaji peke yangu. Nimejaribu kubana do, mi na so kwa pamoja karibu na kichwa cha gitaa, lakini kinachotoka ni mngurumo mtupu, kiasi kwamba sauti ya kwanza inashindwa hata kujua ianzie wapi. Je, besi ya nyuzi nne haifai kwa kodi, au kasoro ni ya mkono wangu?

Mjibu, Mikindani
Marahaba. Mkono wako hauna kasoro, mdogo wangu. Uzi wa E, ulio mnene kuliko wote, ukiachwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, na sauti za chini kiasi hicho zikikaribiana hugombana. Zitenganishe: do ibaki kwenye uzi wa E, mi ipande oktavu moja, yaani iwe mi ya juu inayofuata, hadi uzi wa G ulio mwembamba kuliko wote, na so uiache kabisa, kwani waimbaji wako wataijaza wenyewe. Kwa kodi ya C, bana freti ya 8 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kwenye E kwa kidole cha shahada na freti ya 9 kwenye G kwa kidole cha kati, kisha zing'oe nyuzi hizo kwa pamoja, dole gumba likichukua E. Umbo hilo likihamia freti ya 3 na 4 ni G. Likihamia ya 13 na 14 ni F. Kwa A maina, yaani kodi ya A ambayo mi yake imeshuka nusu sauti, bana freti ya 5 kwenye nyuzi zote mbili.

Mjibu, Lindi
Ndugu yangu wa Mikindani amezisahau nyuzi za A na D, zile mbili za katikati, ambazo zisipozimwa huitikia zenyewe na kuharibu kila kitu. Kilaze kidole cha shahada kiziguse bila kuzibana. Aidha, nisingekushauri upige kodi wimbo mzima: ipige ubeti unapoanza na unapotua, halafu urudi kwenye besi ya kutembea, yaani noti moja moja mfululizo, maana bila hiyo kwaya hulegea.

Muulizaji, Masasi
Nimejaribu jioni hii. A maina imetoka safi, ila C bado inakwaruza kwenye uzi wa G.

Mjibu, Mikindani
Bila shaka unabana katikati ya nafasi. Sogeza kidole cha kati hadi kikaribie kabisa chuma cha freti ya 9, kisha utuambie.