Safari ya siku moja kutoka London: Windsor, Stonehenge na Bath kwa mkupuo, inamfaa mtu mzima?

Swali

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wa wale waliokwisha kutembea Uingereza. Mwezi wa tisa nitakuwa London kikazi kwa wiki moja, na nimejaliwa kufuatana na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, ambaye hajawahi kusafiri nje ya nchi. Katika siku zote hizo nitakuwa huru siku moja tu, yaani Jumatano, na ningependa siku hiyo nimpeleke mahali ambapo hatapasahau. Nimeona kampuni kadhaa zikitangaza safari ya basi yenye mwongozaji, inayopitia Kasri la Windsor, mawe ya Stonehenge (yale makubwa yaliyosimamishwa kwa duara na watu wa kale) na mji wa Bath, ikiondoka saa mbili asubuhi na kurejea London saa moja jioni. Kwenye picha inapendeza mno, ila mama ana tatizo la goti: kwenye tambarare anatembea vizuri, lakini ngazi na miinuko humsumbua, na akikaa muda mrefu bila kunyoosha mguu, goti hukaza. Je, ratiba hiyo inamfaa mtu wa namna yake, au ni afadhali tuchague sehemu moja twende wenyewe kwa treni? Nauliza pia kama mwongozaji ana faida yoyote ya kweli, maana wapo wanaoniambia kwamba maelezo yote yamo kwenye simu.

Jibu la 1

Kabla hujafika kwenye suala la goti, litazame tena tangazo hilo, kwa sababu Kasri la Windsor halipokei wageni siku za Jumanne na Jumatano. Safari ya Jumatano inayotaja Windsor ama itawashusha mjini mlitazame kasri kwa nje, ama itabadilishwa kimyakimya, kwa hiyo waulize kwa maandishi kabla ya kulipa. Na kama nia ya mama ni kuliona kaburi la Malkia Elizabeth wa Pili, aliyezikwa hapo mwaka 2022 katika Kanisa la Mtakatifu George, basi hata Jumapili isingekufaa: kasri huwa wazi siku hiyo, lakini kanisa hubaki kwa ajili ya waumini.

Jibu la 2

Mwaka jana nilifanya safari ya sehemu hizo tatu, siku ya Alhamisi, nikiwa na shemeji yangu, na nitaeleza ilivyokwenda kwa saa zake kwa sababu tangazo halikusema lolote juu ya hilo. Kutoka London hadi Windsor ni mwendo wa takriban saa moja, Windsor hadi Stonehenge ni saa moja na nusu, Stonehenge hadi Bath ni saa moja, na kutoka Bath kurudi London ni saa mbili na nusu iwapo barabara haina msongamano. Hizo ni saa sita za kukaa kitini kati ya saa kumi na moja mnazolipia. Msongamano wenyewe si jambo la kubahatisha, kwani barabara ya A303, inayopita jirani kabisa na mawe, hubanwa hapo ikawa na njia moja tu kila upande, na mpango wa kuipitisha kwenye handaki ulifutwa mwaka 2024. Sisi tuliyaona mawe kupitia dirisha la basi kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana magari yalikuwa yakisogea kwa mwendo wa kinyonga.

Tulipofika Stonehenge tulipewa saa moja na dakika ishirini. Watu wengi hawajui kwamba basi halikushushi kwenye mawe, bali kwenye kituo cha wageni kilicho umbali wa kilomita mbili hivi, na kutoka hapo unapanda basi dogo au unatembea. Vyoo viko kituoni tu. Basi lote lilishuka likaenda kupanga foleni ya choo, nasi tukiwemo, na hapo zikaondoka dakika kumi na tano; kusubiri basi dogo na kupelekwa zikaondoka nyingine kumi na tano, na kurudi vilevile. Tukabakiwa na dakika thelathini na tano za kuyazunguka mawe, ambazo shemeji alizitumia kutazama saa kuliko kutazama mawe, kwani mwongozaji alikwisha tuonya kwamba hangemsubiri mtu.

Onyo hilo halikuwa la mzaha. Huko Bath abiria wawili walichelewa, basi likawasubiri dakika kumi, kisha likaondoka, na sote tukanyamaza kama tuliotoka msibani. Baadaye mwongozaji alitueleza kwamba dereva hufungwa na sheria: hawezi kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika walau dakika arobaini na tano, na saa zake za kuendesha kwa siku zina kikomo, hivyo ratiba haina nafasi ya kupumua. Nilimwelewa, ingawa sikufurahi.

Jambo dogo la Bath: bwawa la kuogea lililojengwa na Warumi wa kale ni la kutazama tu. Maji yanayotoka chini ya ardhi yana joto la nyuzi 46 na yanatoa mvuke mbele ya macho yako, lakini haruhusiwi mtu kuingia, na kwenye basi letu wapo waliokuja na nguo za kuogelea. Sakafu ya mawe kuzunguka bwawa imeliwa na nyayo na haiko sawa, kwa hiyo mama angehitaji mkono wa kushikilia.

Kwa maoni yangu, kwa goti hilo, safari ya sehemu tatu usiifikirie kabisa.

Jibu la 3

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu sehemu tatu, lakini kosa ni la ratiba, na mwongozaji asibebeshwe lawama hiyo. Mimi nilichukua safari ya sehemu mbili, Stonehenge na Bath, nikampata mwongozaji mwenye beji ya buluu, ambayo nchini Uingereza hupewa waliosomea kazi hiyo na kufaulu mitihani yake. Tukiwa bado njiani alitueleza kwamba mawe makubwa yalitoka mwendo wa kilomita 25 tu kutoka pale, na madogo yakatoka milima ya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. Kisha akasimulia habari ya lile jiwe lililolala katikati, lenye uzito wa tani sita, ambalo kwa miaka mingi lilidhaniwa kuwa ni la Wales, hadi mwaka 2024 watafiti walipochunguza chembechembe zake na kugundua kwamba lilitoka kaskazini-mashariki mwa Uskoti, kilomita zisizopungua 700. Nilipofika na kusimama nje ya kamba, kwa kuwa haturuhusiwi kuyagusa mawe, nilijua ninalitafuta jiwe lipi. Simu ingeniambia hayo kama ningejua la kuiuliza.

Jambo la kuzingatia ni kuuliza kama kiingilio kimo ndani ya nauli, kwani safari nyingine huuza usafiri pekee. Uliza vilevile kama mwongozaji anashuka pamoja nanyi au kazi yake huishia kwenye kipaza sauti cha basi.

Muulizaji

Nawashukuru sana, hasa kwa habari ya Jumatano, kwa kuwa ningelipa leo jioni. Nikikata Windsor na Bath, je, kwenda Stonehenge kwa treni ni jambo la kawaida au tutahangaika na vituo?

Jibu la 4

Hamtahangaika. Mnapanda treni katika stesheni ya Waterloo hadi Salisbury, bila kubadilisha, kwa muda wa takriban saa moja na nusu, na nje ya stesheni ya Salisbury yapo mabasi ya wageni yanayokwenda Stonehenge na kurudi. Tiketi ya kuingia kwenye mawe hukatwa mapema na huandikwa saa ya kuingia, kwa hiyo jipe nafasi ya kutosha kati ya treni na saa hiyo. Usipande treni za alfajiri, kwa kuwa siku za kazi nauli huwa juu wakati wafanyakazi wanaposafiri, na mama atakushukuru kwa kumwacha alale.

Faida kubwa kwake ni kwamba ndani ya treni anaweza kuinuka na kutembea kila anapojisikia. Kwenye mawe kwenyewe hakuna ngazi. Ni uwanda mtupu, ila upepo wake hauna kizuizi, kwa hiyo hata kama London kuna jua, mchukulie koti. Mkirudi Salisbury mapema, kanisa kuu lenye mnara wa mita 123 liko mwendo wa dakika kama kumi na tano kutoka stesheni, na humo imehifadhiwa moja kati ya nakala nne zilizosalia za Magna Carta ya mwaka 1215, ile hati ya kale iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Hapo mtapata viti vya kukaa pia, jambo ambalo vitabu vya watalii hulisahau.

Mtakachokosa ni mwongozaji, na hapo namuunga mkono mchangiaji aliyetangulia: msomee mama habari za mawe ndani ya treni, usingoje kufika.

Muulizaji

Nimeamua tuende kwa treni, na nimekwisha kata tiketi za Stonehenge za saa saba mchana. Jana usiku nilimpigia mama simu nikamsomea habari ya jiwe lililotoka Uskoti. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: kama walikuwa na mawe makubwa umbali wa kilomita 25, hilo moja walilifuata la nini? Mwenye maelezo anisaidie kabla ya Jumatano hiyo, kwa sababu namjua mama yangu, swali hilo atalirudia tukiwa mbele ya mawe.