Wakuu, kama makao makuu wana mtu wao, sisi wajumbe tunaitwa kufanya nini?

MjumbeMbagala:
Heshima kwenu wakuu. Mimi ni mjumbe, chama sitaji. Siku ya kura za maoni, zile za wajumbe kumchagua mgombea wa chama, nilifunga genge asubuhi, nikakaa kutwa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti karibu na kidevu. Wagombea tisa, kila mmoja dakika tatu. Wa mwisho akaja na mkubwa kutoka juu, eti "anasalimia tu". Salamu dakika ishirini! Jina la mtu wake kalitaja mara nne. Tukamnyima kura, tukampa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu. Jina lililorudi? La yule wa salamu. Chama kuwa na mtu wake sina ugomvi nako. Ila nyanya zangu zililainika bure.

KipangaTMK:
Dada, yanaitwa maoni. Anayeteua ni kikao cha juu. 2015 Lowassa, aliyetaka kugombea urais kwa CCM, jina lake lilikatwa Dodoma kwenye Kamati Kuu, na wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba kwamba wana imani naye. Wimbo haukurudisha jina.

MjumbeMbagala:
Sawa, maoni. Mbona mtu wao akiongoza hayaitwi maoni tena, inakuwa "kashinda kwa kishindo"?

Feri_Kgb:
Tusikaange wote kwenye sufuria moja. Hapa Kigamboni 2020 Makonda, aliyetoka kwenye ukuu wa mkoa huu huu wa Dar es Salaam, aliangushwa na Dk. Ndugulile kwenye kura za maoni za CCM, na jina lililorudi ni la Ndugulile. Wajumbe wakikaza, wakati mwingine inakaa.

MzeeGazeti:
Marekani nao wanayo hayo. Februari 2018, kamati ya Democrats inayosimamia uchaguzi wa wabunge ilimwanika mgombea wa chama chao wenyewe, Laura Moser wa Houston, kwenye tovuti ya kamati, kwa kuona hawezi kushinda uchaguzi wenyewe wa Novemba. Michango ikammiminikia, akaingia duru ya pili ya kura za ndani ya chama! Huko akashindwa na Lizzie Fletcher, ambaye baadaye alilichukua jimbo kutoka kwa Republican. Lakini angalia: makao makuu yalisema yakamaliza. Kulikata jina hayakuweza, aliyeamua ni mpiga kura.

MjumbeMbagala:
Hapo umenigusa, mzee wangu. Waseme mapema, hadharani, "huyu ndiye wetu, yule hatumtaki kwa sababu hii na hii". Nitawasikiliza, pengine hata nitawakubalia. Huku kwetu sababu hatujaambiwa mpaka leo. Mwalimu mwenyewe hajui alikosea nini, kila akipita gengeni ananiuliza mimi.

KipangaTMK:
Swali la uchokozi, dada. Bahasha ulipokea?

MjumbeMbagala:
Elfu kumi, ya yule yule wa salamu. Nikasema asante, nikapigia mwalimu. Ndiyo iliyofidia nyanya.