Mafundi wa kamera Unguja, kama hamjui kurudishia lenzi msiifungue!

Wakuu, hasira hizi ninazo siku ya tatu leo, nimeona niziandike.

Nina lenzi ya Nikon ya milimita 50, ile ya kufokasi kwa mkono. Ndiyo inayonilisha. Masika haya ikaingia kuvu, vile vijiuzi vyeupe kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Kwa unyevu wa huku kwetu si ajabu. (Na mnaoshauriana kufukia lenzi kwenye mchele, acheni, vumbi lake linaingia ndani.) Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini, 60,000, nusu nikampa kabla hajaigusa. Njoo kesho, njoo kesho, wiki mbili. Siku ya kuichukua inang'aa, nikashukuru, nikammalizia pesa zake.

Jioni nikashuka Forodhani kuijaribu. Naelekeza kwenye jahazi kule mbali, nazungusha pete mpaka mwisho, jahazi ukungu mtupu. Mtu wa mita mbili anakaa sawa, cha mbali hakikai. Na Ijumaa nina harusi Jang'ombe! Nikaenda kuazima lenzi ya watu. Nilipomrudia fundi ananambia kamera yangu ndiyo mbovu, wakati lenzi nyingine zote zinafokasi kwa kamera hiyohiyo.

Basi nikaifungua mwenyewe nyumbani.

Skrubu za nyuma vichwa vimelika vyote. Skrubu za lenzi za Kijapani msalaba wake ni wa JIS, yaani viwango vya Kijapani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haishuki mpaka chini, ukilazimisha inateleza na kula kichwa. Fundi wa kamera halijui hili? Ndani kashindilia grisi kama anapaka ekseli ya gari, imeshatambaa mpaka kwenye bladi za apacha, zile za kupunguza mwanga unaoingia, zinagandana, zinafunga kwa uvivu.

Lakini lililoniumiza zaidi ni nyuzi za kufokasi. Ile ni mirija inayoingiana kwa nyuzi kama za skrubu, na nyuzi hizo zina milango kadhaa ya kuanzia. Ukiingiza mlango usio wake, mrija unaingia vizuri tu na kuzunguka vizuri, ila vioo vinakaa mbali kuliko inavyotakiwa. Ndiyo maana kabla ya kuachanisha unazungusha polepole, na pale inapoachana unakwaruza alama kwa sindano pande zote mbili. Kazi ya dakika moja! Kwangu hakuna alama hata moja. Kaivuta tu, kisha karudishia popote ilipoingia.

Nimekaa mkekani usiku kucha, shuka jeupe chini ili skrubu isipotee, najaribu mlango mmoja mmoja. Kila nikifunga, napanda darini kuangalia taa ya mnara wa msikiti kama inakaa nukta. Haikai, nashuka, nafungua tena. Mlango wa tano ndio uliokubali, karibu na alfajiri.

Nikadhani nimemaliza. Nikamulika kioo cha nyuma kwa tochi: mikwaruzo ya duara kote, na pembeni ungaunga mweupe umekauka. Nikaunusa. Mnanaa. Kasugua kioo kwa dawa ya meno! Ule utando wa rangi juu ya kioo ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara mia, ukishatoka haurudi. Sasa nikipiga penye taa, picha inafifia yote, na harusi zetu za usiku ni taa tupu.

Angenambia siku ya kwanza "hii siiwezi", ningeondoka kwa salama na lenzi yangu yenye kuvu. Nimemdai pesa zangu, anasema nishaifungua mwenyewe kwa hiyo hanijui.

Mwenye lenzi kama hii iliyokufa, awe Unguja au Pemba, ambayo kioo chake cha nyuma ni kizima, aniandikie hapa. Nainunua leo hii.